Tembo Lisilopumua

Inspekta Muhiddin hakupata kutia kileo mdomoni tangu azaliwe, na asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya chupa za ulevi zilizopangwa mezani, akizikodolea macho kama mwanafunzi aliyesahau somo. Angecheka mwenyewe, lau si shingo ya mtu iliyokuwa ikitegemea chupa hizo.

Shingo yenyewe ni ya Pandu, mgema wa tembo la mnazi huko Mwanakwerekwe. Wiki moja nyuma, Usi, karani wa duka la marashi, alikutwa amekufa kifudifudi katika dimbwi ambalo Pandu huoshea vibuyu vyake. Kando yake palikuwa na chupa ya tembo, imebaki nusu. Siku chache kabla, Pandu alikuwa amemwambia Usi mbele za watu kwamba akimwona tena pale na matusi yake ya kilevi, atamtumbukiza majini. Masikio yaliyosikia yalikuwa mengi, na midomo iliyokuja kusema kituoni ilikuwa mingi zaidi. Muhiddin mwenyewe ndiye aliyemtia Pandu pingu. Sasa Mista Harkom, mkubwa wa upelelezi, ameshaamua: leo baada ya alasiri mgema anafikishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua, na adhabu ya kosa hilo kila mtu Unguja anaijua.

Kilichomkosesha Muhiddin usingizi ni neno la daktari. Damu ya marehemu ilijaa kileo, lakini tumboni wala mapafuni mwake hamkupatikana maji ya kujaza kikombe cha kahawa, kama kwamba alikuwa hapumui tena alipoingia dimbwini.

"Tuanze na hili lililogemwa alfajiri ya leo katika minazi ya Pandu," alisema Bwana Fonseka, mkemia wa serikali, Mgoa mnene aliyezoea kuzungumza na vyombo vyake kuliko watu. Alitia tembo katika chupa ya kioo, akaliwashia moto chini, akaukusanya mvuke uliopita katika mrija na kurudi kuwa maji. Kisha akatumbukiza kijiti cha kioo chenye alama. "Kileo ni chepesi kuliko maji, Inspekta. Kikiwa kingi, kipimo kinazama. Kikiwa kidogo, kinaelea."

Kijiti kikaelea.

"Mbili katika mia," alisema Fonseka. "Hata mtoto hatayumba. Hili jengine limegemwa jana asubuhi, limekaa kutwa na kucha. Sita. Bia ya klabu, nne na kitu. Brandi hii, arubaini."

"Na tembo likikaa zaidi? Siku tatu, siku nne?" aliuliza Muhiddin.

"Haliwi kali, linakuwa siki."

Koplo Mcha, aliyesimama mlangoni, akatikisa kichwa kukubali. Muhiddin akamgeukia.

"Wewe umejuaje?"

"Nasikia watu wakisema, afande," alijibu Mcha, akatazama dari.

Ikaja zamu ya chupa ya ushahidi, ile iliyookotwa kando ya maiti. Fonseka alimimina kidogo. Rangi ilikuwa ile ile ya tembo, nyeupe ya ukungu. Akachemsha, akakusanya, akatumbukiza kipimo. Kikazama, kikazama, mpaka Muhiddin akadhani kimevunjika.

"Arubaini na tano," Fonseka alisema polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kusoma upya. "Hii siyo tembo. Chupa moja ya hii ni sawa na saba na ushei za lile la jana."

Basi si tembo la Pandu. Muhiddin alikuwa bado hajaimeza vizuri raha hiyo pale mlango uliposukumwa akaingia Mista Harkom, kofia kwapani. Alisikiliza, akaguna.

"Arubaini na tano. Basi ni gongo," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mgema anapika gongo kwa siri. Amemlewesha mtu kwa gongo, amemtia majini. Nilifikiri ana kosa moja, kumbe ana makosa mawili. Ahsante, Fonseka."

Hivyo ndivyo kipimo kilichotafutwa kumwokoa mtu kilivyotaka kumkaza kitanzi. Muhiddin akapiga hatua mbele.

"Tulipekua shamba lote, bwana. Hakuna mtambo wa kupikia gongo."

"Ameutupa."

"Subirini," alisema Fonseka, aliyekuwa bado ananusa. "Nimepima gongo nyingi zilizokamatwa. Zote zina uchachu, zina harufu ya chungu kilichoungua. Hii imetakata. Spiriti safi, halafu imetiwa maji. Sasa kwa nini ni nyeupe?"

Alichukua kichupa cha iodini, dawa ile ya kupaka kwenye vidonda, akadondosha tone katika tembo la Pandu. Halikugeuka. Akadondosha tone jengine katika chupa ya ushahidi. Weupe ukageuka buluu mbele ya macho yao, buluu ya wino.

"Wanga," alisema. "Tembo halina wanga, gongo haina wanga. Mtu ametia maji aliyooshea mchele."

Harkom alikunja uso. "Mgema hawezi kutia maji ya mchele?"

"Anaweza," alijibu Muhiddin. "Lakini kwa nini, bwana? Ana minazi inamdondoshea tembo asubuhi na jioni. Mwenye tembo anatengenezea nini tembo la uongo? Aliyetengeneza hii ni mtu asiyeweza kwenda kununua la kweli."

Harkom alitazama saa ya ukutani. "Nionyeshe mtu huyo kabla ya alasiri. Ukikosa, mgema anakwenda kwa hakimu na gongo lake." Akavaa kofia, akatoka.

Muhiddin alipovuta kiti akae, kitu kikalia chini ya kiatu chake. Kigae cha chupa. Kulikuwa na vyengine pembeni, vimesukumwa kwa ufagio.

"Samahani," alisema Fonseka kwa haya. "Jana uliniletea chupa mbili za tembo zimezibwa kwa makumbi ya nazi. Mimi nikahofia vumbi. Moja nikaitoa makumbi nikaipiga kizibo barabara. Nilipokuja asubuhi nimekuta imepasuka, rafu nzima imelowa."

"Tembo linataka kupumua, bwana," alisema Mcha. "Ukiliziba linakasirika. Ndio maana wagema wote..." Akakumbuka alipo, akanyamaza.

Lakini Muhiddin hakuwa na haja naye. Alikuwa ameinyanyua chupa ya ushahidi anaitazama shingo yake.

"Mcha, chupa hii uliiokota wewe. Ilikuwa imezibwa na nini?"

"Kizibo hicho hicho, afande. Cha gome, kimekazwa. Nilitumia meno kukifungua."

"Na tangu hapo imekaa kabatini kwetu imezibwa, na joto lote hili, haikutoa hata povu." Akaiweka chini kwa uangalifu. "Bwana Fonseka, spiriti safi namna hii inapatikana wapi mjini?"

"Kwangu. Hospitali. Na kwa mwuza marashi mwenye kibali cha serikali, maana marashi hayachanganyiki bila spiriti. Zamani walikuwa wengi. Siku hizi kabaki mmoja, Masoud wa Sokomuhogo."

Mcha na Muhiddin wakatazamana. Masoud ndiye aliyekuwa bwana wa Usi dukani, na ndiye shemeji yake, maana Usi alimwoa dada yake, Shemsa. Tena Masoud ndiye shahidi mkubwa wa serikali. Aliapa kituoni kwamba jioni ile alikwenda Mwanakwerekwe na gari yake kununua maua ya mlangilangi, akamwona Usi bandani kwa Pandu akinywa bilauri moja ya tembo na kuanguka hajijui. Muhiddin aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake. Na kwa kuwa yeye na Masoud wote wawili si wanywaji, hakuna aliyeshtuka kwamba bilauri moja ya tembo haimwangushi mtu aliyezoea.

Aliona haya, na hakuwa na wakati wa kuona haya. Akachukua chupa ya tembo la alfajiri iliyobaki na makumbi yake, akaifunga katika gazeti.

"Wewe nenda gerezani, uzuie gari ya kumpeleka Pandu kwa hakimu kadiri utakavyoweza," alimwambia Mcha. "Mwambie dereva gurudumu halina upepo. Mwambie lolote."

Duka la Masoud lilikuwa chini, na nyumba aliyokaa na Shemsa juu na nyuma, zimetengwa kwa pazia zito la kijani. Ukiingia tu unavamiwa na asumini, udi na mawaridi. Masoud mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kanzu isiyo na doa, alikuwa akimimina mafuta mazuri katika vichupa vidogo. Kila akijaza kimoja, anakipiga kizibo cha gome na kukikaza kwa kiganja. Mkono ulikwenda wenyewe, macho yako kwengine.

"Shikamoo, Bwana Masoud."

"Marahaba, Bwana Muhiddin. Karibu. Mnaendeleaje na yule mlaanifu?"

"Leo anakwenda kwa hakimu. Nna mambo mengi, hata adhuhuri itanipita." Akaiweka chupa juu ya meza ya duka, akafungua gazeti. "Nna shida moja. Hili ni tembo la kupeleka mahakamani liwe mfano. Nnakwenda msikitini, na siwezi kuingia nalo. Niwekee, nitalipitia."

Masoud alirudi nyuma hatua nzima. "Humu? Tembo humu dukani mwangu?"

"Weka hapo dirishani tu. Ni kazi ya serikali, bwana, sina pengine."

Masoud alitaka kukataa, lakini kumkatalia askari siku kama ile kungeonekana vibaya. Akaashiria dirisha kwa ncha ya kidole. Muhiddin aliiweka pale, jua linapoingia, akaenda zake kuswali. Na katika sala ile, nadhani, hakumaliza hata sura moja bila mawazo kuruka.

Baada ya sala hakurudi mara moja. Alipita kituoni akaulizia Harkom, akaambiwa ameshakwenda mahakamani kungoja. Akapiga simu gerezani, Mcha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dereva ameshashuka mara mbili kutazama magurudumu na sasa anamtazama yeye. Muhiddin alikata simu, akapita vichochoro kwa mwendo wa haraka unaokaribia kukimbia.

Chupa ilikuwa pale pale dirishani. Makumbi yalikuwa yametupwa nje barazani. Shingoni mwake palikuwa na kizibo kipya cha gome, kimedidimizwa mpaka kikawa sawasawa na mdomo wa chupa.

"Umeiziba," alisema Muhiddin, na kujilazimisha kukaa kitako.

"Ilikuwa inanuka. Marashi yangu yanavuta harufu, bwana, yataharibika. Ichukue uende nayo."

"Nitaichukua. Kwanza tukamilishe maneno yako, yatasomwa leo." Chini ya kizibo, Muhiddin aliona povu jembamba likipanda. Akaondoa macho. "Ulisema Usi alikunywa bilauri moja."

"Moja."

"Akaanguka."

"Kama gunia."

"Alikuwa amezoea kunywa, Mungu amsamehe. Bilauri moja ya tembo itamwangusha?"

Masoud alitabasamu, tabasamu la mtu anayemfundisha mdogo wake. "Bwana Muhiddin, wewe na mimi hatunywi, tutajuaje? Kileo ni kileo. Tone moja na pipa zima, hukumu yake ni moja."

"Hukumu ni moja, nakubali. Nguvu siyo moja. Leo nimezipima. Tembo la jana ni sita katika mia. Ile ya kwenye chupa iliyokutwa kwa Usi ni arubaini na tano."

Mkono wa Masoud uliokuwa ukijaza kichupa ulisita, kisha ukaendelea. "Basi yule mgema anauza gongo. Mzidishieni kosa."

"Hata mkubwa wangu amesema hivyo hivyo."

"Mkubwa wako ana akili."

Hapo chupa ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Masoud akageuza shingo. Kizibo kikaruka kwa kishindo, kikagonga boriti, na tembo likatoka kwa nguvu na povu lake, likamwagikia vichupa vya mawaridi vilivyopangwa chini ya dirisha. Masoud aliruka kando akishika kifua.

Muhiddin hakuondoka kitini.

"Mwuza tembo haizibi chupa yake kwa kizibo, bwana. Wala mnunuzi, wala mlevi wa mwisho Ng'ambo nzima. Anaziba kwa makumbi ili lipumue. Ile iliyokutwa kwa Usi ilikuwa na kizibo cha gome kama hivi vyako. Imekaa kwetu siku zote hizi imetulia. Wewe ulitaka chupa ya tembo iwepo pale, lakini ungeinunua wapi? Ungetuma nani, Masoud mshika funguo za msikiti, akakununulie tembo? Kabla ya magharibi mji mzima ungejua. Basi ukatengeneza la kwako, kwa kitu ulichonacho. Ukamnywesha Usi mpaka akakata roho, ukampakia garini, ukamtupa dimbwini. Ulidhani yote ni mamoja."

Tembo lilikuwa likidondoka sakafuni. Kisha Masoud akachukua kitambaa, akaanza kufuta vichupa kimoja kimoja, na alipozungumza sauti ilikuwa imerudi mahali pake.

"Utamwambia hakimu hivyo? Kwamba nimeziba chupa? Nenda. Mzungu atakucheka. Umenitilia uchafu dukani, na mimi nitakushitaki kwa mkubwa wako."

Kilichomuuma Muhiddin ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kizibo hakitoshi. Spiriti ataapa imeibiwa na Usi mwenyewe. Hakuna aliyemwona akimbeba mtu ndani ya gari yake. Kutoka msikiti wa jirani, sauti ya mwadhini ikapanda kuita alasiri, na Muhiddin akajua kwamba wakati ule ule kule gerezani dereva anawasha gari.

Akasimama. Akaelekea mlangoni.

"Mwambie asiende," ilisema sauti ya mwanamke nyuma ya pazia.

Masoud aligeuka. "Shemsa, rudi ndani. Uko edani, mjane hatoki mbele ya wanaume."

"Nnajua niko edani. Bwana Muhiddin, usifungue pazia. Nisikilize hapo hapo."

"Naam, Bi Shemsa."

"Siku aliyokufa Usi, mchana, nilikuwa naosha mchele. Kaka akaja jikoni. Tangu mama afe hajakanyaga jikoni, hata maji ya kunywa anapelekewa. Akaniomba yale maji ya mchele nisiyamwage. Nikamuuliza ya nini, akasema ya kuoshea chupa za marashi."

Habari ya maji ya mchele ilikuwa ya watu wanne tu, na wote walikuwa katika chumba cha Fonseka asubuhi. Muhiddin hakumgusia Masoud hata neno. Alimtazama, akaona midomo ya mwuza marashi imepoteza rangi, na kitambaa kimemdondoka.

"Bi Shemsa," aliuliza, "Usi na kaka yako walikuwa na ugomvi?"

"Usi alikuwa mlevi, sioni haya kusema, alinitesa kwa ulevi wake. Lakini alijua spiriti ya kibali inatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa wakubwa wanaokunywa kwa kificho, maana yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka. Alitaka kutubu. Alisema Ijumaa atasimama mbele ya jamaa msikitini aseme yote. Hakuifikia Ijumaa. Kaka alimwita dukani jioni ile, akamwambia njoo unywe kwa mara ya mwisho, mimi sikulaumu. Nilidhani amemwonea huruma."

"Shemsa," alisema Masoud, na sasa sauti haikuwa ya mwenye nyumba. "Mimi na wewe ni tumbo moja. Hatuna mwengine."

Nyuma ya pazia kulisikika nguo ikitikiswa, kisha ndara. Pazia lilipofunguka, alitoka mwanamke katika buibui, uso umefunikwa, hana hata chembe ya harufu nzuri katika nyumba ile yote inayonukia. Alipita mbele ya kaka yake hakumgusa.

"Twende," alimwambia Muhiddin. "Kuna mtu anangojwa huko."

Muhiddin alimwita polisi wa zamu barabarani amlinde Masoud, wakaenda. Walimkuta Pandu ameshasimamishwa kizimbani, pingu mikononi, akimtazama hakimu bila kuelewa hata neno moja la Kiingereza kilichokuwa kikisomwa juu ya kifo chake. Harkom alitaka kusimama, Muhiddin akamnong'oneza. Harkom akakaa, akamwandikia hakimu kikaratasi.

Shemsa alisema yale yale aliyoyasema nyuma ya pazia, hakuongeza wala hakupunguza. Muhiddin alikuwa mkalimani. Hakimu, mzee wa Kizungu mwenye kikohozi, alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini, akauliza swali kwa sauti ya chini.

Muhiddin alilisikia swali, na akataka mtu mwengine alitafsiri. Hapakuwa na mtu mwengine.

"Bi Shemsa, bwana hakimu anauliza, je, unafahamu kwamba kwa maneno haya huyu mgema atafunguliwa, na kaka yako huenda akanyongwa?"

Vidole vya Shemsa viliushika ukingo wa kizimba, vikauacha.

"Mwambie nafahamu," alisema. "Na mwambie afanye haraka kuandika. Nataka kurudi nikakae eda yangu."

Muhiddin akatafsiri, na hakimu akaokota kalamu.